Kichwa Hiki Si cha Lupasi

Mwanamke akishaandikiwa lupasi kwenye kadi yake ya kliniki, kuanzia siku hiyo ni kama hana ruhusa ya kuugua kitu kingine. Akichoka, ni lupasi. Akikosa usingizi, ni lupasi. Magoti yakiuma au nywele zikikatika, ni ile ile. Na kichwa kikimpwita upande mmoja hadi atapike na kuomba mapazia yafungwe, jibu huwa tayari kabla hajamaliza kueleza: lupasi imepanda, aongezewe vidonge. Ndugu wanaamini hivyo. Wagonjwa wenyewe wanaambiana hivyo kwenye mabenchi ya kliniki. Tena wapo matabibu wanaotibu kwa imani hiyo hiyo, na hapo ndipo ubishi huu unapoacha kuwa wa maneno matupu.

Imani hii ina mvuto, hilo halikataliwi. Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyopaswa kupambana na vijidudu, inawageukia wenyeji wake: ngozi, viungo, figo, mapafu, damu, na mara nyingine ubongo. Ugonjwa unaofika kote huko utashindwaje kufika kichwani? Swali hilo linaonekana kujijibu lenyewe, na ndiyo sababu wachache hulichunguza. Waliolichunguza wamekuta kinyume. Wagonjwa wengi wa lupasi wanaosumbuliwa na maumivu ya kichwa ya kurudiarudia wana kipandauso, ugonjwa unaojitegemea, wenye tabia zake, vichocheo vyake na dawa zake. Anayekiita lupasi anamnyima mgonjwa tiba anayoihitaji, kisha anamzidishia tiba asiyoihitaji.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kati ya kila wagonjwa kumi wa lupasi, tisa hivi ni wanawake, na wengi wao ugonjwa huanza wakiwa katika umri wa kuzaa. Kipandauso nacho hupenda umri huo huo na jinsia hiyo hiyo. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, kati ya Desemba 2003 na Juni 2004, waliwahoji watu 7,412 na kukuta asilimia 4.3 wameugua kipandauso ndani ya mwaka mmoja. Kwa kila mwanamume mmoja walikuwapo karibu wanawake watatu. Katika nchi nyingi kiwango ni kikubwa kuliko hicho. Duniani kote wanaougua wamepita bilioni moja, na takwimu za mzigo wa magonjwa za mwaka 2019 ziliweka kipandauso katika nafasi ya kwanza miongoni mwa mambo yanayowaondolea wanawake vijana uwezo wa kuishi maisha yao ya kawaida.

Kwa hiyo magonjwa haya mawili yanateka maji kisima kimoja. Kwa makadirio ya dunia, wanawake mia moja wa umri wa kuzaa wakikusanywa mahali, karibu ishirini kati yao watakuwa na kipandauso. Wakikusanywa wanawake mia moja wenye lupasi, karibu ishirini watakuwa nacho hata kama lupasi haijawahi kugusa ubongo wa hata mmoja wao. Kukutana kwa magonjwa mawili ndani ya mtu mmoja si ushahidi kwamba mmoja umezaa mwingine. Wengi walianza kuumwa kichwa wakiwa shule ya msingi, miaka mingi kabla ya upele wa mashavuni na viungo kuvimba, lakini swali hilo moja, "kichwa hiki kilianza lini?", huulizwa mara chache mno.

Wazo la kwamba lupasi ina kichwa chake maalumu halikuanzia mtaani. Lilipewa cheti hospitalini. Mwaka 1992 kundi la wataalamu lililofanyia kazi Toronto, Kanada, lilichapisha kipimo cha ukali wa lupasi kiitwacho SLEDAI, chenye vipengele 24, kila kimoja na alama zake. Upele ulipewa alama 2. Protini kwenye mkojo, dalili kwamba figo zinashambuliwa, ilipewa 4. Kichwa cha lupasi kilipewa 8, sawasawa na kifafa na sawasawa na kiharusi. Mgonjwa aliyeumwa kichwa kikali juma lile angeweza kuonekana kwenye karatasi kuwa mgonjwa mara mbili ya yule anayepoteza figo zake.

Maelezo ya kipengele chenyewe ndiyo yanayostahili kusomwa polepole. Kichwa cha lupasi kilielezwa kuwa ni maumivu makali yasiyoachia, yanayoweza kufanana na kipandauso, lakini yasiyotulia hata kwa dawa kali za jamii ya mofini. Daktari yeyote wa mishipa ya fahamu anajua kwamba kipandauso mara nyingi hakitulii kwa dawa za jamii hiyo. Si dawa zake. Yaani kipimo kiliweka mtego, na kipandauso kikaingia chenyewe, tena kwa idhini ya maandishi.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2004, jarida la Brain lilichapisha uchambuzi wa Dimos Mitsikostas, Petros Sfikakis na Peter Goadsby. Walikusanya tafiti zilizokuwapo na kulinganisha wagonjwa wa lupasi na watu wasio nayo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliumwa kichwa, ndiyo, lakini hata wasio na lupasi waliumwa kwa kiwango kisichotofautiana nao kwa maana. Ukali wa lupasi haukwenda sambamba na ukali wa kichwa. Waandishi hao hawakuona haya kuweka neno linalomaanisha hekaya kwenye jina la makala yao.

Pigo zito zaidi lilikuja mwaka 2013. Timu ya kimataifa iliyoongozwa na John Hanly wa Halifax, Kanada, iliwafuatilia wagonjwa 1,732 tangu walipogunduliwa tu kuwa na lupasi. Mwanzoni asilimia 17.8 walikuwa na maumivu ya kichwa, na kati ya hao sita katika kila kumi walikuwa na kipandauso. Baada ya miaka kumi, asilimia 58 walikuwa wamewahi kuumwa kichwa. Na kile kichwa cha lupasi chenyewe, chenye alama zake nane? Asilimia 1.5. Watafiti hawakuona uhusiano kati ya maumivu hayo na ukali wa ugonjwa, wala na dawa za lupasi, wala na kingamwili zilizopimwa kwenye damu. Vigezo vipya vya kuutambua ugonjwa huu, vilivyotolewa mwaka 2019 na vyama vya wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa pamoja, vinataja kifafa, kuchanganyikiwa na kuona yasiyokuwapo. Kichwa kimeachwa nje.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba tafiti nyingine zimeonyesha kipandauso kuwa kingi kidogo kwa wenye lupasi, hasa wale ambao vidole vyao hubadilika rangi kwa baridi, hali iitwayo Raynaud. Huenda. Lakini hata hoja hiyo ikikubaliwa yote, kinachozidi ni kipandauso, na kipandauso hutibiwa kama kipandauso.

Sasa tuangalie imani hii inavyofanya kazi kliniki. Mgonjwa anafika Jumatatu, kichwa kinampasuka. Prednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga, inapandishwa kutoka miligramu 10 hadi 30. Jumatano kichwa kimetulia. Daktari anaridhika, mgonjwa anashukuru, na imani inapata shahidi mwingine. Kinachosahaulika ni kwamba shambulio la kipandauso, hata lisipoguswa na dawa yoyote, huisha lenyewe kati ya saa 4 na 72. Angekunywa maji ya kisimani Jumatatu ile, Jumatano ingemkuta vilevile. Mwezi unaofuata kichwa kinarudi, kwa sababu kipandauso ni cha kurudi, na sasa inasemekana lupasi yake ni sugu.

Prednisoloni imeokoa figo na maisha ya wengi, na hakuna anayetaka kuiondoa inapohitajika. Inapotolewa kwa sababu isiyo yake ndipo inapokuwa deni tupu. Inapandisha sukari na shinikizo la damu, inadhoofisha mifupa, inaleta mtoto wa jicho kabla ya uzee, inauvimbisha uso kiasi kwamba mtu anajificha asipigwe picha. Inafukuza usingizi pia, hasa ikimezwa jioni, na kukosa usingizi ni mojawapo ya vichocheo vya kipandauso vinavyojulikana zaidi. Kupunguzwa kwake kwa haraka nako kunaweza kupandisha shinikizo la maji yanayozunguka ubongo, likaja na kichwa chake. Dawa iliyoongezwa kutibu kichwa inaweza kuwa ndiyo inayokitengeneza.

Watetezi wa imani hii wana hoja moja nzito, nayo ni tahadhari. Wanasema: mgonjwa wa lupasi si mtu wa kubahatisha naye, afadhali kudhani ubongo umeshambuliwa kuliko kuchelewa. Inasikika kama busara. Ila tahadhari maana yake ni kupima, na "ni lupasi tu" ni sentensi inayofunga upimaji. Mgonjwa anayemeza dawa za kushusha kinga yuko wazi kwa homa ya uti wa mgongo, ile ya kifua kikuu na ile ya fangasi, na katika Afrika Mashariki hayo si magonjwa ya vitabuni. Kumwongezea steroidi mtu wa namna hiyo bila kutoa maji ya uti wa mgongo na kuyapima ni kuushikia mlango ugonjwa unaomuua.

Dalili za kumkimbiza hospitali zinaeleweka na mtu yeyote: kichwa kilicholipuka ghafla kikafika kileleni ndani ya dakika moja, kichwa chenye homa na shingo kukakamaa, kichwa kilichoandamana na mkono kulegea, maneno kupotea, degedege au akili kuvurugika, kichwa kinachozidi mtu akilala chali na kumfifisha macho, kichwa kisichofanana na chochote alichowahi kuumwa. Hicho hakipaswi kuitwa lupasi wala kipandauso hadi kichunguzwe. Lakini kile kinachokuja mara tatu kwa mwezi tangu akiwa kidato cha pili, upande ule ule, na kichefuchefu kile kile, kina historia yake na kinajieleza.

Kuna sehemu moja ambapo magonjwa haya mawili yanagusana kweli, na cha ajabu ndiyo isiyozungumzwa. Mwaka 1983 Graham Hughes, daktari wa Hospitali ya Hammersmith, London, alieleza hali ambayo damu huganda kirahisi kwa sababu ya kingamwili ziitwazo antifosfolipidi. Wenye hali hiyo hupata damu iliyoganda miguuni, mimba kuharibika tena na tena, na viharusi katika umri mdogo. Na Hughes alisisitiza kwa miaka mingi kwamba wengi wa wagonjwa wake walikuwa na kipandauso cha muda mrefu. Sehemu kubwa ya wagonjwa wa lupasi wanabeba kingamwili hizo. Kipimo chake ni cha damu, na hurudiwa baada ya angalau majuma 12 ili kuhakikisha.

Mwanamke mwenye lupasi na kipandauso anastahili kupimwa kingamwili hizo kabla ya mtu yeyote kumpa vidonge vya majira vyenye estrojeni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauna kigugumizi hapa. Kipandauso kinachotanguliwa na kuona mimeta, mistari ya pembepembe au ganzi ya mkono: vidonge hivyo ni marufuku, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Lupasi yenye antifosfolipidi: marufuku vilevile. Mwenye vyote viwili amekatazwa mara mbili, na kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni, kipo. Hata hivyo kliniki ya uzazi wa mpango iko chumba kimoja, kliniki ya lupasi iko jengo jingine, na kichwa hakina chumba. Anayejibu "ni lupasi" kila kichwa kinapotajwa hafiki hata kwenye swali la mimeta.

Upande wa pili wa barabara kuna imani nyingine, yenye watu wengi zaidi: kichwa ni kichwa, meza dawa ya maumivu ulale. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha maduka ya dawa muhimu, yakianzia Ruvuma mwaka 2003, ilitatua tatizo la kweli la vijiji visivyo na famasia. Lakini dirisha lile lile linalouza parasetamoli linauza diklofenaki na ibuprofeni kwa yeyote mwenye fedha mkononi, na anayeuza hana njia ya kujua kwamba mteja wake ana lupasi iliyokwisha kugusa figo. Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa kijana mwenye figo nzima, vidonge viwili havina neno. Kwa mwenye figo zilizovimba kwa lupasi, sindano ya diklofenaki kila juma ni njia ya mkato kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu.

Hata parasetamoli, mpole wao wote, ina mpaka. Dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zinaweza kuzaa kichwa cha aina yake kinachouma karibu kila siku. Kwa zile zilizochanganywa na kafeini au kodeini, na kwa triptani, dawa za kukatiza shambulio la kipandauso, mpaka ni siku 10. Mgonjwa hajui kwamba amevuka. Anachojua ni kwamba dawa imeanza kushindwa, hivyo anaongeza, na akifika kliniki akasema kichwa sasa ni cha kila siku, anasikia nini? Lupasi imepanda.

Kwa hiyo imani hizi mbili, ingawa zinaonekana kupingana, zinalishana. Na zote mbili zinafuta swali la tatu ambalo ndilo lingemsaidia mgonjwa: ni dawa gani ya kuzuia kipandauso inayopatana na lupasi yake yeye?

Hapo ndipo magonjwa mawili yanapohitaji kuonana uso kwa uso. Propranolo ndiyo dawa ya kuzuia kipandauso inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini hubana mishipa ya vidoleni. Mwenye Raynaud, na wenye lupasi wengi wanayo, atakuta vidole vimekuwa vyeupe na vinauma asubuhi ya baridi ya Njombe au Limuru. Mwenye pumu haimfai kabisa. Amitriptilini ni rahisi pia na huleta usingizi, jambo jema kwa anayekesha, ila hukausha mdomo na macho, na mgonjwa ambaye lupasi yake imefuatana na ugonjwa wa Sjögren tayari hana mate ya kumeza ugali. Valproeti na topiramati zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na tumekwisha kusema wagonjwa hawa wana umri gani. Ergotamini, ambayo bado inauzwa, hubana mishipa ya damu kwa nguvu na haipaswi kumkaribia mwenye Raynaud wala mwenye antifosfolipidi. Sumatriptani, iliyoingizwa kwenye orodha ile ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, hukatiza shambulio vizuri kwa wengi, lakini si kwa aliyewahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo.

Kisha kuna kandesartani, na inashangaza kwamba haitajwi zaidi. Ni dawa ya shinikizo la damu, ya kundi lile lile ambalo madaktari wa figo hulitumia kupunguza protini inayovuja kwenye mkojo wa mwenye lupasi. Mwaka 2003 watafiti wa Trondheim, Norway, waliijaribu kwa wagonjwa 60 wa kipandauso na kukuta inapunguza siku za maumivu. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la JAMA. Mgonjwa ambaye figo zake zinahitaji dawa ya kundi hilo, na ambaye hapangi kushika mimba, kwa kuwa ni hatari kwa mimba, angeweza kupata nafuu mbili kwa kidonge kimoja. Lakini lazima kwanza mtu aandike neno kipandauso kwenye faili lake.

Halafu wanakuja wauza kinga. Hawa hawakosekani: kwenye daladala, kwenye semina za hotelini, kwenye simu ya kila mtu. Bidhaa zao huongeza kinga ya mwili, wanasema, na kinga ikipanda kichwa kitapona, lupasi itapona, hata presha. Hakuna ahadi mbaya kuliko hiyo kwa mtu ambaye shida yake yote ni kinga iliyochachamaa. Alfalfa, mmea unaouzwa kwa fahari kwenye vidonge vya aina hiyo, ulilishwa nyani katika utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 1982, na baadhi yao wakapata ugonjwa unaofanana na lupasi. Anayetaka kula mlonge kama mboga na ale. Anayeambiwa aache haidroksiklorokwini, dawa yake ya lupasi, ili anywe unga wa kuongeza kinga anaibiwa fedha na afya kwa pamoja.

Zaidi ya wote wapo wanaosema ni mawazo. Ana stresi, apumzike, asali. Mwandishi wa Marekani Joan Didion aliandika insha kuhusu kipandauso chake mwaka 1968, iliyoingia kwenye kitabu chake The White Album cha mwaka 1979, na humo alieleza aibu ya miaka mingi ya kuficha ugonjwa ambao kila mtu alidhani ni udhaifu wa tabia. Kilimpata mara tatu hadi tano kwa mwezi, tangu utotoni. Katika kitabu hicho hicho anaeleza pia jinsi madaktari walivyomtajia ugonjwa wa pili, ule ambao kinga hushambulia ala za mishipa ya fahamu. Magonjwa mawili, mtu mmoja, na wa pili ulipokuja haukuufuta wa kwanza. Didion alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 87, na hakuna aliyemsoma anayeweza kusema alikuwa mtu wa kudeka.

Hii haina maana kwamba maisha ya kila siku hayahusiki. Ubongo wenye kipandauso hauvumilii mabadiliko: kulala saa tofauti, kuruka mlo, kukatiza kahawa ghafla. Mwezi wa Ramadhani unayaleta yote matatu kwa mkupuo. Utafiti mdogo kutoka Beersheba, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta siku za kipandauso zikiongezeka zaidi ya mara mbili kwa wagonjwa wakati wa mfungo. Huko Unguja na Mombasa husikika kwamba saumu inasafisha mwili na kuondoa maradhi ya kichwa, na huenda ikawa hivyo kwa mzima. Mwenye lupasi anayemeza prednisoloni asubuhi, ambaye figo zake zinahitaji maji mchana kutwa, na ambaye kichwa humshika njaa ikifika saa saba, ana ruhusa ya mgonjwa iliyo wazi katika dini yenyewe. Shekhe atampa haraka kuliko mashemeji.

Limebaki pingamizi la mwisho, lile la wanaokubali yote haya kisha wakainua mabega: mabingwa ni wachache. Ni kweli. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu, kama wale wa baridi yabisi na lupasi, wamejikusanya katika miji mikubwa, na mgonjwa wa Kigoma au Turkana anaweza kumaliza miaka bila kuonana na hata mmoja. Lakini kipandauso hakihitaji bingwa ili kitambuliwe. Hakina kipimo cha damu, na picha ya ubongo kwa kawaida haionyeshi kitu. Kinatambuliwa kwa kuuliza.

Mwaka 2003 Richard Lipton na wenzake wa Marekani walichapisha maswali matatu yaliyokusudiwa hasa kwa kliniki za kawaida. Kichwa kikiuma, unapata kichefuchefu? Mwanga unakukera kuliko kawaida? Katika miezi mitatu iliyopita, kuna siku kichwa kimekuzuia kufanya kazi, kusoma au shughuli zako? Mwenye ndiyo mbili ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kipandauso. Maswali hayo yaliwakamata wagonjwa wanane kati ya kila kumi. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kuyauliza huku akifunga kitambaa cha kipimo cha presha mkononi. Akiongeza la nne, kilianza lini, na la tano, umemeza dawa za maumivu siku ngapi mwezi huu, atakuwa na picha ambayo mgonjwa wa lupasi anaweza kuhudhuria kliniki miaka kumi bila kuipata. Anachohitaji mgonjwa ni daftari la shule la kuandikia tarehe za maumivu, dawa alizomeza na siku zake za hedhi, alipeleke kliniki, na akatae kuondoka kabla daktari hajalifungua.